Mafundi wa Risiva Wasituondokee

Katika miaka ya 1970 viwanda vya Japani na Marekani vilishindana kuunda risiva za stirio, nzito, zenye uso wa alumini. Pioneer SX-1980, iliyotoka mwaka 1978, ilitoa wati 270 kila upande. Leo wakusanyaji wa ng'ambo huzigombania kwa bei kubwa. Wenye nazo hapa Visiwani, majumbani au katika stoo za ofisi, tunawanasihi wasizitupe.

Adui wa mashine hizi ni umri na hewa ya chumvi. Kapasita hukauka, swichi hushika kutu, sauti ikakwaruza. Fundi mjuzi haichomeki moja kwa moja risiva iliyolala miaka mingi. Huiunganisha kwa mfuatano na glopu ya kizamani, ile ya waya. Glopu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani mna shoti. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, pana matumaini. Wala hatii mkono ndani kabla kapasita hazijaishiwa umeme, hata plagi ikiwa imechomolewa. Aidha, mashine iliyoundwa kwa volti 120 za Marekani, ikichomekwa bila transfoma kwenye volti 230 zetu, huungua. Hasara hiyo haina sababu.

Elimu hii imo vichwani mwa mafundi, nao wanazeeka. Tunawaomba wakuu wa mafunzo ya amali wawawekee vijana meza kando ya wazee hao, na mashine zilizomo stoo ziwe ndizo somo lao la kwanza.