Hesabu ya Zamu: Kwa Nini Wauguzi Huondoka, na Nini Huwabakiza Kazini

Iyunga ni kata iliyo upande wa magharibi wa Jiji la Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma na mpaka wa Zambia. Mgonjwa wa hapo anayezidiwa usiku wa manane hayuko mbali na hospitali kubwa, kwani Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, ambayo huhudumia Nyanda za Juu Kusini, imo katika jiji hilo hilo. Mgonjwa wa kijiji cha mlimani huko Rungwe au Ileje hutegemea zahanati. Hata hivyo wote wawili, wafikapo mlangoni, hutarajia jambo moja, nalo ni kumkuta muuguzi akiwa macho na tayari kwa kazi.

Matarajio hayo ni ya haki, lakini gharama yake haifahamiki sana. Makala haya yanaeleza, kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaimudu, ni wauguzi wangapi wanaohitajika ili mmoja awepo kazini wakati wote, na kwa nini kuondoka kwa mmoja huwavuta wengine.

Muuguzi mmoja ni wauguzi watano

Mwaka una siku 365, na kila siku ina saa 24. Kwa hiyo nafasi moja ya muuguzi isiyoachwa wazi usiku wala mchana huhitaji saa 8,760 za kazi kwa mwaka.

Na ichukuliwe kwamba muuguzi hufanya kazi saa 40 kwa wiki. Kwa wiki 52 hizo ni saa 2,080. Zipunguzwe saa 160 za likizo ya siku 28, saa 120 za siku 15 za sikukuu, na saa 80 za siku 10 za ugonjwa na mafunzo. Zinabaki saa 1,720, yaani wiki 43 za kazi. Saa 8,760 zikigawanywa kwa 1,720, jawabu ni 5 na ziada kidogo. Ndiyo kusema, ili muuguzi mmoja awepo daima, sharti waajiriwe watano. Wodi inayohitaji wawili kwa wakati mmoja huhitaji kumi.

Sasa tatizo lenyewe laonekana. Wakiwa watano, kila mmoja hufanya kazi kwa wastani wa saa 41 katika kila wiki ya kazi. Mmoja akihama na nafasi yake isijazwe, wanne waliobaki hubeba saa 51. Akiondoka wa pili, watatu hubeba saa 68. Wakibaki wawili, kila mmoja hudaiwa saa 102 kwa wiki, kiasi ambacho mwili wa binadamu hauwezi kukivumilia. Katika hali hiyo zamu huachwa wazi, au likizo hufutwa, au muuguzi huitwa kutoka nyumbani kila mama mjamzito anaposhikwa na uchungu.

Ni wazi basi kwamba upungufu hujizalisha wenyewe. Kila anayeondoka huwaongezea mzigo wanaobaki, na mzigo huo huwa sababu ya mwingine kuomba uhamisho. Kwa hiyo kumbakiza muuguzi wa tano kuna faida kubwa kuliko kungoja mpaka wamebaki wawili ndipo ajira itangazwe.

Mwili na zamu ya usiku

Ndani ya ubongo wa binadamu mna sehemu ndogo inayofanya kazi kama saa. Sehemu hiyo huongozwa na mwanga wa jua, nayo hupanga nyakati za usingizi, joto la mwili na utoaji wa homoni. Joto la mwili hushuka kabisa kati ya saa 10 na saa 11 alfajiri, na uangalifu wa akili hupungua pamoja nalo. Anayelala mchana baada ya zamu hulala kinyume cha saa hiyo, na kwa kawaida usingizi wake huwa mfupi.

Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hupungukiwa na umakini sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Muuguzi aliyeunganisha zamu mbili kwa sababu mwenzake hayupo anaweza kuwa katika hali hiyo huku akipima dozi ya dawa.

Madhara humfikia mgonjwa. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha uchunguzi wa hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani. Waliona kwamba kila mgonjwa mmoja wa upasuaji aliyeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 katika uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30, na asilimia 23 katika uwezekano wa muuguzi kuchoshwa kabisa na kazi. Hospitali za Marekani si sawa na zahanati za Ileje, lakini kanuni ya uchovu haichagui nchi.

Yale yanayosaidia

Nchini Tanzania ajira serikalini ilizuiwa mwaka 1993, wakati wa marekebisho ya uchumi, na upungufu wa miaka ile uliendelea kuonekana muda mrefu baadaye. Mwaka 2007 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, uliokusudia zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Mwongozo wa ikama wa mwaka 2014 ulitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15, na kituo cha afya wasiopungua 39. Lakini jengo laweza kukamilika kwa mwaka mmoja, ilhali muuguzi wa stashahada husomeshwa miaka mitatu. Kwa hiyo kuwatunza waliopo hakuepukiki.

Mshahara una nafasi yake. Malawi, jirani wa Mbeya ng'ambo ya Mto Songwe, ilianza mwaka 2004 mpango wa dharura uliowaongezea watumishi wa afya asilimia 52 ya mshahara na kupanua vyuo. Kufikia mwaka 2009 idadi ya watumishi wenye taaluma ilikuwa imepanda kutoka 5,453 hadi 8,369. Ni vema kutambua kwamba hatua hizo mbili zilikwenda pamoja. Ongezeko hilo halikuletwa na fedha peke yake.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo kuhusu kuwabakiza watumishi vijijini, likashauri hatua kadhaa zitumike kwa pamoja. Miongoni mwake ni nyumba bora na usalama kazini, nafasi za kujiendeleza kimasomo na kupanda cheo, na usimamizi unaosaidia badala ya kukaripia tu. Muuguzi anayekaa jirani na zahanati hatembei gizani kwenda kuzalisha. Mwenye glavu, kisanduku cha kutupia sindano na chanjo ya homa ya ini aina ya B hafanyi kazi kwa hofu. Naye akichomwa na sindano iliyotumika, apate dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI mapema, kabla ya saa 72 kupita.

Yapo pia mambo yasiyohitaji bajeti kubwa. Ratiba ya zamu ikitangazwa mapema, muuguzi huweza kupanga malezi ya watoto wake. Zamu za usiku zikigawanywa kwa haki, na mapumziko yakiheshimiwa, manung'uniko hupungua.

Pendekezo jingine lawahusu walimu moja kwa moja. Uchunguzi katika nchi nyingi umeonyesha kwamba kijana aliyekulia kijijini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi kufanya kazi kijijini. Hivyo Biolojia na Kemia zikifundishwa vizuri katika shule za milimani, nafasi za zahanati za huko zitapata watu wa kuzijaza na kudumu nazo.

Zoezi la darasani

Wodi fulani huhitaji wauguzi watatu kwa saa 12 za mchana na wawili kwa saa 12 za usiku, kila siku ya mwaka. (a) Wahitajika wauguzi wangapi, ikiwa kila mmoja hutoa saa 1,720? (b) Wakiwepo tisa tu, kila mmoja atafanya kazi saa ngapi katika kila wiki ya kazi? (c) Wanafunzi wajadili: kati ya hao tisa, nani atatangulia kuomba uhamisho, na nini kingemzuia?