Tope la Milimani, Maji ya Chewele
Mto Tana, wenye urefu wa takriban kilomita 1,000, huteremsha kuelekea Chewele na Garsen udongo wa miteremko ya Murang'a na Aberdare, ambako ardhi huporomoka masika yanapozidi, ingawa sehemu kubwa ya udongo huo hunaswa na bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981. Upimaji wa maji huanza na kiwango cha tope, yaani wingi wa chembe zinazoelea na kuzuia mwanga kupenya, kwa kuwa chembe hizo huvikinga vijidudu dhidi ya klorini na hubeba fosforasi ya mashambani. Chumvi, kwa upande wake, hukadiriwa kwa uwezo wa maji kupitisha umeme. Sampuli ya kiangazi pekee hupotosha, kwani tope jingi husafiri siku za mafuriko, wakati ambapo mto haufikiki kwa urahisi.