Kipimo cha Ulevi Mbele ya Hakimu (Sehemu ya Pili: Pumzi na Damu)

Shtaka la kuendesha gari kwa ulevi nchini Kenya limesimama juu ya kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na kifungu hicho hakitaji kiwango chochote cha pombe. Kosa ni kuendesha au kujaribu kuendesha gari ilhali kileo au dawa ya kulevya imemzidi mtu hata hawezi kulidhibiti sawasawa. Viwango vilikuja na Kanuni za Kipima Pumzi za mwaka 2011: mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi, miligramu 80 katika mililita 100 za damu, na miligramu 107 katika mililita 100 za mkojo. Tarakimu hizo ndizo zilizokuwa zikitumika Uingereza miaka mingi kabla.

Vifaa vya kupima pumzi, Alcoblow, vilianza kuonekana kwa wingi barabarani Desemba 2013, chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliona kasoro katika msingi wenyewe: kanuni zilikuwa zimezaa kosa ambalo sheria mama haikulitaja. Kupita kiwango ni jambo moja, kushindwa kulidhibiti gari ni jambo jingine. Vifaa vimerudi barabarani baadaye, lakini tofauti hiyo ndiyo mlango wa kwanza wa utetezi. Kwa hiyo hati ya mashtaka husomwa kabla ya karatasi ya kipimo: je, mshtakiwa anadaiwa kushindwa kulidhibiti gari, au anadaiwa kuwa na namba tu?

Kipima pumzi hakipimi damu. Hupima mvuke wa pombe unaotoka mapafuni, kisha damu hukisiwa kwa uwiano. Mikrogramu 35 zikizidishwa mara 2,300 hutoa takriban miligramu 80, na hesabu hiyo ndiyo iliyofunganisha viwango viwili vya kanuni. Nchi nyingine hutumia 2,100. Miili ya watu haikukubaliana na hesabu hizo: uwiano hupanda na kushuka baina ya mtu na mtu, na hata kwa mtu yule yule kadiri joto la mwili na namna ya kupumua zinavyobadilika. Usomaji uliopita mpaka kwa kiasi kidogo basi ni ushahidi dhaifu. Usomaji wa maradufu ya kiwango hautikiswi wala hauangushwi na hoja hii, na wakili anayeishikilia katika kesi ya namna hiyo anapoteza muda wa mahakama.

Jambo lenye uzito zaidi ni pombe iliyobaki kinywani. Aliyemeza funda la mwisho dakika tano zilizopita, aliyecheua, au aliyesukutua kwa dawa ya kinywa yenye pombe, hupuliza mvuke usiotoka mapafuni. Ndiyo maana taratibu za upimaji hutaka mtu asubiri na kuangaliwa kwa dakika 15 hadi 20, bila kula, kunywa wala kuvuta sigara. Katika msako wa usiku, magari yamepangana foleni kabla ya mzunguko wa Changamwe na abiria wa matatu wanapiga kelele, swali la kumuuliza askari ni jepesi: nani alimwangalia dereva huyu, na kwa dakika ngapi? Mengine huulizwa juu ya kifaa: namba yake, cheti cha kusawazishwa kwake na tarehe ya cheti hicho, mdomo mpya wa kupulizia, na kama kipimo kilirudiwa.

Damu husifiwa kuwa ndiyo ushahidi wenye nguvu, na ni kweli, mradi safari yake ni safi. Safari hiyo huanza kwenye ngozi. Ikiwa mkono ulipanguswa kwa spiriti, sampuli huenda imetiwa doa tangu mwanzo. Chupa inatakiwa iwe na floridi ya sodiamu ya kuzuia vijidudu na oksaleti ya potasiamu ya kuzuia damu isigande. Bila hifadhi hiyo, vijidudu na hamira huweza kuchachusha sukari iliyomo na kuongeza pombe ambayo mshtakiwa hakuinywa. Joto la Mombasa huliharakisha jambo hilo: chupa iliyolala ndani ya gari la polisi tangu alfajiri hadi adhuhuri haifanani na ile iliyowekwa kwenye friji.

Jiografia nayo ni shahidi. Dereva aliyekamatwa Likoni, damu yake ikitolewa katika hospitali kuu ya Pwani kisiwani, hana budi kwanza kuvuka feri au kuzungukia Dongo Kundu. Saa mbili zikipita, kiwango cha kwenye chupa si kile cha wakati wa usukani. Mwili huondoa takriban miligramu 15 hadi 20 kwa kila mililita 100 za damu kwa saa, lakini aliyekunywa muda mfupi kabla ya kukamatwa bado anafyonza pombe, na kiwango chake huenda kikapanda akiwa mikononi mwa polisi. Mtaalamu anayehesabu kurudi nyuma lazima ajue mtu alianza kunywa saa ngapi, alimaliza saa ngapi, na alikula nini.

Kukadiria kwa idadi ya vikombe nako kuna tabu yake huku bara ya Kisauni na Likoni. Chupa ya bia imeandikwa nguvu yake. Kata ya tembo la mnazi haikuandikwa kitu. Mnazi wa asubuhi ni mtamu, na huo huo jioni umekuwa mkali. Hesabu inayotegemea “vikombe vitatu” vya mnazi ni bahati nasibu.

Maabara nayo huhojiwa. Kipimo cha kuaminika ni kromatografia ya gesi, kikifanywa mara mbili. Maabara za hospitali mara nyingi hupima majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake, na hayo huonyesha pombe zaidi ya damu nzima kwa kadiri ya asilimia 15. Namba ya hospitali ikiwekwa kando ya kiwango cha 80 bila kurekebishwa, mshtakiwa ameonewa.

Kifungu cha 77 cha Sheria ya Ushahidi huruhusu ripoti ya Mkemia wa Serikali kutumika bila yeye kufika, lakini mahakama ina uwezo wa kumwita ahojiwe. Ibara ya 50 ya Katiba humpa mshtakiwa haki ya kuuona ushahidi mapema, na huamuru ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za Katiba uondolewe ikiwa ungeharibu uadilifu wa kesi. Haki zote hizo hufifia mtu akikiri kosa asubuhi ya kwanza ili arudi nyumbani: kwa kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, aliyekiri hukata rufaa juu ya adhabu tu.

Wala kuanguka kwa kipimo si kuachiliwa. Askari akieleza kwamba gari liliyumba kutoka Bombolulu, likapanda ukingo wa barabara, na dereva akashindwa kusimama wima, hakimu anaweza kumtia hatiani bila chupa wala kifaa. Harufu ya pombe peke yake haitoshi.

Mwenye kesi katika mahakama ya Mombasa au Shanzu asiyemudu wakili anaweza kuomba ushauri Kituo cha Sheria, chenye ofisi Mombasa. Aende na hati ya mashtaka, karatasi ya kipimo yenye saa iliyochapwa, na tarehe ya kutajwa kwa kesi.