Reli ya fokasi: Namna ya kuihifadhi kazi ya fedha ya Ibo kwa picha inayoonekana yote

Mkufu wa fedha uliofuliwa katika kisiwa cha Ibo, kwenye pwani ya jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, husukwa kwa nyaya nyembamba kiasi kwamba mtu hulazimika kuusogeza karibu na macho ili aone zilivyopindwa. Kamera nayo ikisogezwa karibu hivyo, huona wazi sehemu moja tu, na nyingine huzifunika ukungu. Kiungo cha mbele hung'aa; cha nyuma yake hakionekani kimeanzia wapi wala kimeishia wapi. Kifaa kidogo kiitwacho reli ya fokasi ni miongoni mwa njia za kuuondoa ukungu huo.

Katika pwani ya kaskazini mwa Msumbiji, jambo hilo haliwahusu wapenzi wa picha peke yao. Tangu mji wa Mocímboa da Praia uliposhambuliwa mwezi Oktoba 2017, vita vimewahamisha mamia ya maelfu ya watu katika jimbo hilo. Mwezi Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipiga pwani hiyo hiyo na kuharibu nyumba nyingi za Ibo. Mtu anayekimbia hubeba kilicho chepesi na chenye thamani, na pambo la fedha lina sifa zote mbili. Likiuzwa kwa uzito, huenda likaishia kwenye moto, na nakshi iliyoyeyushwa hairudi.

Wafua fedha wa Ibo wamejulikana kwa muda mrefu, na baadhi yao wamekuwa wakifanya kazi ndani ya Ngome ya São João Baptista, iliyojengwa mwaka 1791. Ufundi wao hupita kutoka mkono hadi mkono. Ndiyo maana picha ya kuhifadhi kazi hiyo ina kipimo kimoja kikali: je, fundi mwingine akiitazama, ataweza kuzihesabu nyaya na kulitengeneza pambo lile upya? Picha nzuri ya kupamba ukuta yaweza kushindwa mtihani huo.

Kwa nini picha ya karibu hufifia

Kila lenzi huona kwa ukali kamili katika umbali mmoja tu. Mbele na nyuma ya umbali huo pana ukanda ambao jicho bado hulikubali umbo kuwa wazi. Mtu akipigwa picha akiwa hatua kumi kutoka kwenye kamera, ukanda huo ni mpana, naye huonekana wazi mwili mzima. Kadiri kitu kinavyokaribiwa, ndivyo ukanda unavyosinyaa.

Mfano wa hesabu ni huu. Kamera yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, ikikipiga kitu kwa ukubwa wake halisi na tundu la lenzi likiwa f/8, hupata ukanda wa takriban milimita 1. Ukubwa ukiongezwa mara mbili, ukanda hubaki kama theluthi moja ya milimita. Herini yenye unene wa milimita 10 haiwezi kuingia yote humo.

Wengi hujaribu kulifinya tundu la lenzi hadi f/22. Ukanda hupanuka kweli, lakini mwanga unaopenya kwenye tundu dogo hutawanyika, na picha nzima hupoteza makali. Njia ya uhakika zaidi ni kupiga picha kadhaa, kila moja ikichukua ukanda wake, kisha programu ya kompyuta ichague sehemu zilizo wazi na kuziunganisha kuwa picha moja.

Kazi ya reli

Reli ya fokasi ni bapa la chuma lenye kiti cha kamera kinachoteleza juu yake. Hufungwa juu ya tripodi, na skurubu yake ikizungushwa, kamera nzima husogea mbele au nyuma kwa vipande vidogo. Badala ya kuigusa pete ya fokasi kwenye lenzi, mpiga picha huiacha ilivyo na kusogeza kamera. Hivyo ukanda ulio wazi hupita juu ya pambo kama wembe unavyopita, kutoka ncha ya mbele hadi ya nyuma.

Hata hivyo, reli si dawa ya kila hali. Kitu kinapopigwa kwa ukubwa ulio chini ya ule wake halisi, kugeuza pete ya fokasi kidogo kidogo huleta matokeo mazuri pia, na mara nyingi picha huungana kwa urahisi zaidi, kwa kuwa kamera haikuhama mahali pake. Kamera kadhaa za miaka ya karibuni huweza kufanya hivyo zenyewe. Reli huonyesha nguvu yake pale ukubwa unapofikia ule halisi na kuuvuka, ambapo mguso mdogo wa pete huruka hatua nzima.

Nini kitazamwe wakati wa kuchagua

Jambo la kwanza ni namna reli inavyosogea. Zipo zinazoendeshwa kwa gurudumu la meno. Hizi ni nyepesi na za bei nafuu, lakini huruka na huweza kuteleza kamera inapoinamishwa chini. Nyingine huendeshwa kwa skurubu ndefu. Hizi huenda polepole, husimama pale zilipoachwa, na mwendo wake hupimika. Kwa kazi ya fedha, ya skurubu ndiyo inayofaa.

La pili ni kukaza. Reli ifungwe kwenye meza, kamera iwekwe juu yake, kisha isukumwe kwa kidole upande wa kushoto na wa kulia. Ikicheza, picha hazitalingana, na hakuna programu itakayorekebisha kasoro hiyo kikamilifu. Urefu si jambo la kuhangaikia, maana herini huhitaji mwendo wa sentimita moja tu. Reli zenye bapa mbili zilizopishana, moja ya mbele na nyuma na nyingine ya kushoto na kulia, husaidia kulipanga pambo katikati ya picha, lakini kila kiungo kinachoongezwa huongeza mtikisiko.

La tatu ni viungio. Skurubu za tripodi huwa za ukubwa wa aina mbili, robo inchi na inchi tatu kwa nane. Ni vyema kuhakikisha zinalingana kabla ya kulipa. Reli zenye mota hupiga hatua ndogo mno na huwafaa watafiti wa wadudu na chembe. Hizo huhitaji umeme na pesa nyingi, na kwa mapambo si za lazima.

Reli ya seremala

Asiyeweza kununua hajazuiliwa. Kinachotakiwa ni umbali kati ya lenzi na kitu ubadilike kwa kipimo. Si lazima kamera ndiyo isogee. Seremala anaweza kutengeneza kisanduku kinachoteleza kama droo ndogo, chenye nati nyuma yake na bolti ndefu ya M6 inayokisukuma. Kwa bolti ya M6 ya kawaida, mzunguko mmoja ni mwendo wa milimita 1 kamili; kwa M8, ni milimita 1.25. Pambo huwekwa juu ya droo, na kamera husimama tuli.

Njia hiyo humfaa pia mwenye simu. Simu hufungwa imara mbele ya droo, pengine ikiwa na lenzi ndogo ya kubana, kisha kidole hushikilia kioo hadi fokasi na mwanga vifungwe. Hapo pambo husogezwa, na simu haiguswi tena.

Hatua za kupiga

Pambo huwekwa juu ya kitambaa kisichong'aa, na karibu yake rula yenye milimita. Pete ya fokasi, tundu la lenzi, kasi na mwanga vyote hufungwa katika hali ya mkono, ili picha ya kwanza na ya mwisho zifanane. Kamera hurudishwa nyuma kupita mwanzo wa pambo, kisha huletwa mbele. Skurubu izungushwe upande mmoja tu hadi mwisho, kwa sababu nyuzi zake zina ulegevu kidogo, na anayerudi nyuma katikati ya kazi hupoteza kipimo.

Hatua iwe fupi kuliko ukanda ulio wazi, ili picha zipandane kama vigae vya paa. Kwa ukanda wa milimita 1, robo tatu ya mzunguko wa bolti ya M6 inatosha. Herini ya milimita 10 itahitaji picha 15. Baada ya kila hatua, mkono uondolewe na kipima muda cha sekunde chache ndicho kifyatue.

Fedha ina shida yake ya peke yake: huakisi kila kitu, hata shati la mpiga picha. Jua kali la mchana huacha madoa meupe yanayofuta nyaya. Mwanga wa dirishani uliochujwa kwa shuka jeupe huwa laini zaidi, na kipande cha karatasi nyeusi kikiwekwa upande mmoja huzipa nyaya ukingo unaozitenganisha.

Miongoni mwa programu za kuunganisha picha, Helicon Focus na Zerene Stacker huuzwa, ilhali Hugin na Enfuse hupatikana bure. Picha zote za awali zihifadhiwe, maana programu hukosea mara kwa mara pale nyaya zinapopishana.

Chumvi, mchanga na upepo

Adui wa reli pwani ni hewa yenye chumvi. Baada ya kazi, ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu wa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha ikaushwe kabisa. Grisi iwe kidogo mno. Ikizidi hukamata mchanga, na mchanga hula nyuzi za skurubu.

Upepo nao huweka mipaka ya kifaa hiki. Misitu ya pwani ya Cabo Delgado, kama ile ya karibu na Quiterajo, ina utajiri mkubwa wa mimea. Watafiti waliofika huko mwaka 2008 na 2009 walirekodi katika misitu ya pwani ya jimbo hilo aina zaidi ya 700. Lakini ua dogo linalotikiswa na kusi halisubiri picha 15. Huko reli hutumika tu kumsaidia mpiga picha kukaribia taratibu na kupiga moja au mbili upepo unapotulia. Kazi ya hatua nyingi ni ya ndani ya nyumba, kwa kitu kisichosogea.

Kinachoandikwa pamoja na picha

Picha peke yake ni nusu ya kumbukumbu. Jina la pambo kwa Kimwani, uzito wake, jina la fundi akiridhia litajwe, na namna lilivyovaliwa, yote huandikwa siku ile ile. Katika eneo lenye vita, taarifa nyingine hazipaswi kuenezwa: nani analimiliki pambo na limehifadhiwa wapi. Nakala yenye maelezo hayo hubaki kwa mwenye mali, na inayoonyeshwa hadharani hubaki na nyaya, vipimo na jina la Ibo.