Nyimbo za Wakulima: Kutoka Tennessee hadi Ngao

Lau mtu angesema kwamba Ngao, huko Garsen kando ya Mto Tana, ina ujamaa na nyimbo za wakulima wa Marekani, huenda wengi wangemcheka. Hata hivyo, muziki uitwao kantri una historia ambayo, ukiifuata kwa utulivu, yakufikisha hadi mashamba ya mpunga ya Wapokomo.

Kantri ni muziki wa watu wa shamba, wa milimani na wa njia ya reli, kusini mwa Marekani. Maneno yake ni ya maisha yao: mama aliyeachwa nyumbani, mapenzi yaliyovunjika, safari, mauti na toba. Mwezi wa Agosti 1927, Ralph Peer wa kampuni ya santuri ya Victor, akiwa mji wa Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, alinasa sauti za jamaa ya Carter na za Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli kutoka Mississippi. Hapo kantri ikaanza kusikika mbali.

Sisi watu wa pwani hatuna la kustaajabu. Mwaka uliofuata, 1928, Siti binti Saad, binti wa mfinyanzi kutoka Fumba, alivuka bahari hadi Bombay akatia sauti yake katika santuri. Mnyonge wa Marekani na mnyonge wa Unguja walisikika ulimwenguni karibu wakati mmoja.

Lakini je, ni nani waliowafunza mabingwa hao wa kantri? Banjo, chombo chake mashuhuri, asili yake ni vibuyu vyenye nyuzi walivyovijua watumwa waliotolewa Afrika Magharibi. A. P. Carter alipozunguka vijijini kutafuta nyimbo, alifuatana na mpiga gita mweusi, Lesley Riddle. Carter aliandika maneno, na Riddle akazihifadhi lahani moyoni. Hank Williams, aliyefariki mwaka 1953 akiwa na miaka 29 tu, alifunzwa gita utotoni na mweusi wa Alabama, Rufus Payne. Wanafunzi walipata sifa, walimu wakasahauliwa. Ilichukua miaka mingi kabla ya mweusi Charley Pride kuingizwa katika jumba la heshima la kantri, mwaka 2000.

Santuri za Rodgers nazo zilivuka bahari. Yeye aliuawa na kifua kikuu mwaka 1933, akiwa na miaka 35, lakini sauti yake ilifika na Wazungu hadi nchi ya Wakipsigis. Mwaka 1950, Hugh Tracey, mkusanyaji wa nyimbo za Afrika, alifika huko Kapkatet, akawanasa wasichana wakimwimbia “Chemirocha”. Ndiye Jimmie Rodgers huyo, jina likiwa limegeuzwa na ndimi za wenyeji. Kwa maelezo ya Tracey, walimdhania kiumbe nusu mtu nusu paa! Wimbo huo ulisifiwa ng’ambo, ilhali walioimba walikaa miaka mingi bila kuusikia. Rekodi hizo zilirudishwa Kapkatet mwaka 2015.

Sasa tushuke Mto Tana. Ngao ni mji wa Wapokomo wa mtoni chini, watu wa mpunga, ndizi, maembe na mitumbwi, ambao lugha yao ni jirani ya Kiswahili. Wa mtoni juu wengi ni Waislamu, wa chini wengi ni Wakristo. Bembelezi lao la watoto ni moja. Kenya ilipojiandaa kwa uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963, kamati ya watu watano iliyoongozwa na Graham Hyslop iliichagua lahani ya bembelezi hilo, iliyotolewa na Mzee Meza Galana, iwe wimbo wa taifa. Kila asubuhi ya sikukuu, wakubwa kwa wadogo husimama wima kwa heshima ya lahani aliyoimba mama wa shamba ili mwanawe apate usingizi.

Hapo ndipo Ngao na Tennessee zinapokutana. Nyimbo zilizotikisa mataifa zilianzia kwa watu wasio na cheo, nao wakabaki nyuma. Jim Reeves, aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1964, amependwa mno Kenya, na wengi wetu tunazijua lahani zake. Kumpenda si kosa. Muziki mzuri hauna mpaka. Kosa ni kumjua wa ng’ambo na kutomjua wa kwetu.

Basi, enyi vijana wa Ngao na Garsen, simu mlizo nazo mikononi zanasa sauti. Kaeni na bibi zenu, nasa bembelezi, nasa nyimbo za kupanda mpunga na za kupiga kasia, na jina la mwimbaji liandikwe pamoja na wimbo wake. Tusingoje mgeni mwingine aje kutuchukulia, halafu turudishiwe baada ya miaka 65.