Mfupi juu ya pikipiki kubwa: Kwa nini barabara za Kericho na Bomet zadai maandalizi

MWISHONI mwa juma si ajabu kuona pikipiki kubwa za safari zikiteremka kutoka Mau Summit kuelekea Kericho, masanduku yakining'inia ubavuni, au zikipita Mulot na Longisa kuingia Bomet. Mandhari ya majani chai yaliyotandazwa kama zulia pande zote mbili za barabara huwavutia wengi. Hata hivyo, kwa mwendeshaji wa kimo kifupi, awe mwanamke au mwanamume, safari hiyo ina hofu yake: si hofu ya mwendo wa kasi, bali ya kusimama.

Pikipiki yenye uzito wa zaidi ya kilo 200 haimlemei mtu ikiwa inakwenda. Magurudumu yanapozunguka, hujisimamia yenyewe. Taabu huanza inaposimama na kuinama kidogo, mguu ukatafuta ardhi na kuikosa. Kufumba na kufumbua chombo kimeshalala, na huenda mguu wa mwenyewe uko chini yake.

Sababu ya pikipiki hizi kuwa ndefu haifichiki. Zimeundwa kuhimili mashimo na mawe, hivyo springi zake hupewa nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, na injini huinuliwa ili tumbo lisikwaruzwe. Kiti nacho hulazimika kwenda juu. BMW R1250GS, kwa mfano, ina kiti cha kimo cha milimita 850 au 870 kutegemea kilivyopangwa, sawa na Honda Africa Twin ya injini ya sentimita 1,100 za ujazo. Yamaha Ténéré 700 hufikia milimita 875. Ile Royal Enfield Himalayan ya kwanza, yenye injini ya sentimita 411 za ujazo, ina milimita 800 pekee, na ndiyo maana wafupi wengi huanzia hapo.

Kosa la kwanza ni kujipima kwa kimo cha mwili. Kipimo kinachohitajika ni cha mguu. Simama ukutani ukiwa umevaa soksi, bana kitabu chembamba baina ya mapaja hadi kiguse kinena, kisha pima kutoka ukingo wake wa juu hadi sakafuni. Tuseme umepata sentimita 71, na kiti kina sentimita 85. Pengo ni sentimita 14. Ukikaa, springi hubonyea takriban sentimita 3 au 4 kwa uzito wako. Buti lenye soli nene huongeza nyingine 2 au 3. Limebaki pengo la sentimita 7 hadi 9, na hapo hatujahesabu upana wa kiti, ambao huyatanua mapaja na kuiba urefu wa mguu.

Sasa tuiangalie barabara yenyewe, maana hapa ndipo Kericho na Bomet zinapotofautiana na uwanja wa mazoezi. Ukanda huu, ulioinuka takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hupata mvua karibu mwaka mzima, na ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Ili maji yasituame, barabara hujengwa zikiwa na mgongo katikati na kuinama kuelekea mitaroni. Za lami huinama kwa asilimia 2 au 3, ilhali za changarawe huhitaji asilimia 4 hadi 6.

Kwa kuwa nchini Kenya tunaendesha upande wa kushoto, mwinamo huo huelekea kushoto kwetu. Nao mguu wa kushoto ndio tunaoushusha tunaposimama, kwa sababu wa kulia unahitajika kwenye breki ya nyuma. Katika barabara iliyoinama kwa asilimia 5, mguu uliowekwa sentimita 40 kutoka kwenye mstari wa magurudumu hukuta ardhi ikiwa chini zaidi kwa sentimita 2. Faida yote ya buti imekwenda! Huko Marekani na Ujerumani, ambako huendeshwa kulia, mwinamo huo huo humpa mwendeshaji nafuu, kwani mguu wake wa kushoto huwa upande wa juu. Ushauri unaoandikwa huko haufai kumezwa mzima mzima hapa.

Dawa ya kwanza haihitaji fedha. Chagua mahali pa kusimama kabla ya kufika. Usijibanze kwenye ukingo wa mtaro. Simama palipo tambarare, au mahali ambapo tuta au jiwe imara liko kushoto kwako. Karibu na kusimama, telezesha nyonga kidogo upande wa kushoto wa kiti ili mguu mmoja ukanyage kwa unyayo mzima, huku wa kulia ukishikilia breki. Mguu mmoja uliokanyaga sawasawa ni bora kuliko vidole vya miguu miwili vinavyopapasa. Geuza usukani uwe umenyooka kabla ya kubana breki ya mwisho, kwani pikipiki nyingi huanguka zikiwa zimekatwa kona na kubanwa breki ya mbele.

Hatua ya pili ni springi. Kiwandani aghalabu hupangwa kwa mtu mzito kuliko mwendeshaji mfupi wa kawaida. Akikaa mtu wa kilo 55, springi hubonyea kidogo mno na kiti hubaki juu. Pima hivi: inua gurudumu la nyuma lisiguse chini, kisha pima kutoka kwenye ekseli hadi alama fulani mkiani. Kaa juu ukiwa umevaa mavazi ya safari, mtu mwingine akikushikilia, na mwenzake apime tena. Tofauti inafaa kukaribia thuluthi moja ya mwendo wote wa springi. Ikiwa ni ndogo, legeza mkazo wa springi ya nyuma kwa kirekebishi chake. La kukumbuka ni kwamba ukibeba abiria au mizigo, sharti mkazo urudishwe.

Tatu ni kiti. Baadhi ya watengenezaji huuza kiti kifupi kwa pikipiki hiyo hiyo, na hilo ndilo salama zaidi. Fundi wa viti pia aweza kupunguza sponji. Mwambie aanze kwa kupunguza upana wa mbele, pale mapaja yanapopita, kabla ya kukata kimo. Sponji iliyokatwa kupita kiasi hukufikisha chini vizuri ukiwa Kapkatet, lakini ukifika Narok utakuwa huwezi kuketi. Ngozi ya juu ishonwe isipitishe maji, vinginevyo mvua ya Kericho itaigeuza sponji kuwa dimbwi.

Nne, na ya mwisho kufikiriwa, ni kuishusha pikipiki yenyewe kwa kubadilisha vyuma vinavyounganisha springi ya nyuma na mkono wa gurudumu. Hapa ndipo wengi hujiponza. Ukishusha nyuma bila kushusha mbele, usukani huwa mzito kuitikia na taa huangaza mitini. Hivyo basi foki za mbele nazo hupandishwa katika vishikio vyake kwa kiasi kinacholingana, fundi akihakikisha kuwa gurudumu halitagonga chochote springi zikibonyea kabisa. Stendi ya kando nayo huwa ndefu kupita kiasi: pikipiki husimama wima mno, na upepo wa lori moja watosha kuiangusha upande wa pili. Ni lazima ikatwe na kuchomelewa upya. Aidha, tumbo la injini lililo karibu na ardhi litalipia kila jiwe katika njia za mashamba.

Usisahau uzito ulipo. Lita 20 za petroli zina uzito wa takriban kilo 15, nazo hukaa juu kabisa, kwenye tangi. Kwa anayezoea, nusu tangi yatosha kati ya mji na mji. Vifaa na vyakula vizito viwekwe chini katika masanduku ya ubavuni, si katika sanduku la juu nyuma ya kiti.

Teknolojia nayo inaanza kuwakumbuka wafupi. Harley-Davidson Pan America ya mwaka 2021 ilikuja na mfumo, kwa toleo lililoandaliwa hivyo, wa kuishusha pikipiki inapokaribia kusimama na kuiinua inapoondoka. BMW ilifuata kwa mfumo wa aina hiyo, wa hiari, katika R 1300 GS ya mwaka 2023. Bei yake, hata hivyo, si ya kila mfuko.

Baadhi ya wasomaji watauliza: pikipiki kuanguka ikiwa imesimama ni jambo kubwa kiasi hicho? Jibu linategemea imeangukia wapi. Mnamo Juni 30, 2023, lori lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani na kuua zaidi ya watu 50, wakiwemo wachuuzi na waliokuwa wakingoja magari kando ya barabara. Katika barabara ya aina hiyo, kando ya lami si mahali pa kuhangaika na chombo kilicholala. Anayejua atasimama wapi na atashusha mguu upi huondoka pale haraka.

Na ikianguka, zima injini kwanza, kisha ujitazame kabla ya kuitazama pikipiki. Ikiwa imelalia kushoto, stendi huwa chini yake, hivyo ifungue ukishaiinua huku ukiishikilia pikipiki isikuponyoke tena. Ikiwa imelalia kulia, hakikisha stendi imefunguka upande ule mwingine kabla ya kuiinua. Iache katika gia, ipe mgongo, kalia ukingo wa kiti, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma imara cha nyuma kwa mwingine, halafu sukuma kwa miguu, mgongo ukiwa umenyooka. Lakini penye watu, omba msaada bila haya. Wachumaji wa majani chai na wahudumu wa bodaboda wanazifahamu njia hizo kuliko mgeni yeyote, na kuinua mzigo wa kilo 200 hakujawahi kuwa kazi ya mtu mmoja.