Kuupumzisha Mgongo Baada ya Kazi

Katika milima ya Kisii na Nyamira kazi nyingi humtaka mtu ainame. Mchuma chai husimama mteremkoni saa nyingi, kikapu mgongoni. Mchonga mawe wa Tabaka huketi akiliinamia jiwe lake. Mkulima wa mahindi huliinamia jembe. Jioni kila mmoja hushika kiuno. Wala si wao peke yao: Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa na maumivu ya kiuno.

Zamani madaktari wengi walimshauri mgonjwa alale kitandani siku nyingi. Sasa imejulikana kwamba kulala hivyo hudhoofisha misuli na kuchelewesha nafuu. Lililo jema ni kupumzika kwa muda mfupi, kisha kuinuka na kutembea.

Fanya hivi. Tandika mkeka, ulale chali, magoti yakiwa yamekunjwa na miguu imeegemezwa juu ya kigoda, tangu chini ya goti mpaka kisigino. Weka mikono tumboni. Vuta pumzi polepole kwa pua mpaka tumbo liinuke. Kisha uitoe polepole zaidi, tumbo lishuke. Endelea dakika tano hata kumi. Mwenye maumivu hukaza misuli na kuhema upesi bila kujua. Pumzi ya taratibu humtuliza, na misuli iliyokazana hulegea.

Asiyeweza kulala chali, na hasa mwanamke mwenye mimba kubwa, alale kwa ubavu, magoti yamekunjwa kidogo na blanketi katikati yake. Ukitaka kuinuka, geuka kwanza ubavuni, ndipo ujiinue kwa mikono.

Lakini pumziko hili si dawa ya kila ugonjwa wa mgongo. Mguu ukipoteza nguvu, ganzi ikiingia sehemu za siri, au ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo, usingoje kesho: nenda hospitali mara moja. Vilevile mwone daktari ikiwa maumivu yamefuata kuanguka, au yamekuja pamoja na homa au kukonda, kwa maana hata kifua kikuu chaweza kuingia katika uti wa mgongo.

Wako wanaoona haya kulala chini kabla ya giza, wasije wakaitwa wavivu. Dakika kumi si uvivu. Jembe likivunjika, jingine hununuliwa sokoni, mgongo hauuzwi.